Ulimi wa Fundi Mkuu wa Sabuni

Siku yangu ya kwanza kazini nilionjeshwa sabuni. Nilifika kiwandani, mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana za reli, nimevaa gauni langu la kwendea kanisani, na cheti cha kidato cha sita nimekitia ndani ya bahasha ili kisikunjamane. Nilikuwa nimepangiwa kuwa Msaidizi wa Maabara. Maabara yenyewe, nilipoonyeshwa, ilikuwa chumba kimoja chenye meza, mizani, na rafu zilizojaa vipande vya sabuni vilivyobandikwa tarehe. Nilipouliza mkuu wangu ni nani, karani alinyoosha kidole kuelekea kwenye mvuke.

Mkuu wangu alikuwa Fundi Mkuu, Mzee Hamisi Mkwanda, mtu wa Lindi, mfupi, mwenye kofia nyeupe ambayo sijui aliifuliaje ikabaki nyeupe mahali pale. Alikuwa juu ya ngazi, kando ya sufuria la chuma lenye kina cha kummeza mtu mzima.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtaalamu tuliyeletewa?"

"Mimi msaidizi tu, Mzee. Naitwa Imelda, natokea Songea."

"Songea! Basi kusini kumoja. Haya, toa ulimi."

Nilidhani ananitania. Hapana. Alichota sabuni kwa mwiko, akaipoza juu ya bamba la chuma, akaigusisha kwenye ncha ya ulimi wake, akatema. Kisha akanipa mimi. "Gusisha tu, usimung'unye." Nikagusisha, na ulimi ukanishtuka kama unavyoshtuka ukilamba betri ya redio. Mzee alicheka hadi akashika ngazi. "Hiyo bado. Njoo tena adhuhuri."

Niwaeleze vijana kidogo, maana siku hizi sabuni mnaijua dukani tu. Sabuni hupikwa kwa mafuta, na yetu yalikuwa ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa, na mawese, pamoja na kostiki, ile dawa kali inayotoboa nguo. Kostiki huyavunja mafuta na kuyageuza sabuni. Ukiipunguza, sabuni inabaki na mafuta, inavunda na haitoi povu. Ukiizidisha, ile inayobaki inakula mikono ya mfuaji. Ipo dawa ya rangi ya kupimia jambo hilo, tone moja tu, lakini chupa yetu ilikuwa tupu tangu kabla sijafika. Agizo la chupa nyingine lilikuwa linasubiri fedha za kigeni, na fedha za kigeni nazo zilikuwa zinasubiri sijui nini. Basi kipimo cha kiwanda kizima, kilicholisha sabuni Kariakoo, Ilala na Temeke, kilikuwa ulimi wa mzee mmoja.

Nami nikajifunza. Saa sita mchana tulikuwa tunaonja pamoja, tunatema pamoja, kisha tunabishana. Sabuni iliyoiva haishtui. Ina ladha ya kupooza. Kutoka kila mpiko tulikata kipande, tukakibandika karatasi ya tarehe, tukakiweka rafuni kwa miaka miwili. Miche ya sabuni ilipofika Kariakoo, foleni ilikuwa inaanza kwenye mlango wa duka na kupinda kona, na watu walipanga hata mawe kuwakilisha ndugu zao. Nilijivunia kazi yangu bila kuona haya.

Zama zile huendi Chuo Kikuu kwa alama peke yake. Unafanya kazi kwanza, halafu kiwanda na tawi la chama wanakupa barua. Meneja wetu hakutaka kuniandikia. Alisema mbele ya Baraza la Wafanyakazi, "Huyu ataolewa, hatarudi. Tutakuwa tumemsomeshea mtu mke." Wengine walicheka. Mzee Mkwanda akasimama, akavua kofia.

"Ndugu Meneja," alisema, "ulimi wangu huu utakufa siku moja. Nyinyi mnataka kuja kupima kwa ulimi wa nani?"

Barua yangu ilitiwa saini wiki ile ile.

Mlimani, pale Chuo Kikuu, nilichukua kemia ya kaboni, yaani kemia ya vitu ambavyo kiini chake ni kaboni: mafuta, sukari, dawa, rangi, na ile sabuni yangu. Mhadhiri wetu alikuwa mwembamba, mkali, anayeandika ubaoni kwa mkono wa kulia huku akifuta kwa wa kushoto, ukichelewa kunakili shauri lako. Vifaa vilikuwa haba, chupa moja kwa wanafunzi watatu. Lakini nilipenda, jamani. Nilipenda kuona kwamba kitu nilichokijua kwa ulimi kina umbo, na umbo hilo unaweza kulichora. Mwaka wa pili tulijifunza kwamba manjano, haya haya ya mchuzi, yakikutana na kitu chenye ukali kama wa kostiki hugeuka mekundu. Nikapata alama za juu, Mhadhiri akanisifu mbele ya darasa la wanaume. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji hasa.

Likizo ya mwaka ule nilirudi kiwandani kwa mazoezi ya kazi, nikakuta malalamiko. Mfuaji mmoja wa Kariakoo, Mama Zaituni, alikuja mpaka ofisini kwa Meneja na kunyoosha viganja. Vilikuwa vimebabuka, ngozi inatoka. "Nafulia watu ndiyo nile," alisema. "Nikiacha kufua nile nini? Na si mara ya kwanza. Inatulia, inarudi." Meneja alikuwa amezoea kulaumu mawese mapya. Safari ile akanigeukia mimi.

"Ndugu Imelda, wewe ndiye msomi wetu. Tafuta chanzo."

Nilitoka mbio hadi Kariakoo kwa Bi. Kanta, mama wa Kihindu aliyekuwa na duka la viungo pamoja na mumewe. Akanipimia manjano huku ananitazama.

"Yote haya? Kuna harusi?"

"Napimia sabuni, Bi. Kanta."

"Sabuni kwa manjano! Haya, makubwa hayo. Wasije wakanawa wakawa mabibi harusi wote."

Nililoweka karatasi kwenye manjano, nikazikausha, nikazikata vipande. Kisha nikachukua sabuni za rafuni, moja moja, nikazilowesha maji na kuzigusisha karatasi. Nyekundu. Ya pili nyekundu. Ya tatu, ya kumi, rafu nzima nyekundu. Moyo ulinidunda kwa furaha, nasema kweli, kwa furaha. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja: sabuni yote ya kiwanda ina kostiki iliyozidi, na kipimo cha ulimi hakifai.

Sikumwonyesha Mzee kwanza. Nilikuwa na ripoti, yeye alikuwa na ulimi.

Meneja aliisoma kwa sauti mbele ya Baraza la Wafanyakazi, na Mzee Mkwanda amekaa benchi la mbele. Kesho yake akaondolewa kwenye sufuria na kupelekwa ghalani kuhesabu magunia ya mbata hadi siku yake ya kustaafu itakapofika. Alikuwa amepika sabuni tangu mimi sijazaliwa. Nilimkuta mlangoni mwa ghala, nikashindwa kumtazama usoni.

"Mzee, ni kazi tu."

"Najua, mwanangu. Wewe umesoma."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningelala vizuri zaidi.

Mwaka wa tatu ndio wa kemia ya kaboni ya juu yenyewe. Somo la kwanza lilihusu viyeyushi, jinsi kitu kile kile kinavyokuwa na tabia moja ndani ya maji na nyingine ndani ya spiriti. Mhadhiri alichora ubaoni mkia mrefu wa molekuli ya sabuni.

"Sabuni safi kabisa, isiyo na kostiki hata chembe, ukiitia majini inakuwaje?"

Akajibu mwenyewe, akifuta huku anaandika. "Maji yanaivunja kidogo. Inatoa ukali wake yenyewe. Kila sabuni ndani ya maji ina ukali. Ndiyo maana huwezi kuipima kwa maji. Ipime ndani ya spiriti. Humo haivunjiki, na ukali utakaouona ni wa kostiki tu."

Sabuni za rafuni mimi nilizilowesha kwa maji. Somo lilipokwisha nilibaki, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza, akauliza swali moja.

"Kabla ya kuzipima hizo za kiwandani, ulipima kwanza sabuni gani unayoijua kuwa ni nzuri?"

Sikuwa nimepima yoyote. Nilirudi bwenini nikachukua sabuni yangu ya kuogea, ile niliyonawia uso asubuhi bila kuwashwa, nikailowesha nikaigusisha karatasi ya manjano. Nyekundu, kama zile nyingine. Nilikaa kitandani nikalia. Nilikuwa nimemwangusha mtu aliyenishika mkono, na nilimwangusha kwa kipimo ambacho kingeshitaki hata sabuni ya mtoto mchanga.

Kesho yake nilimwomba Mhadhiri niifanye kazi ya kuzipima upya zile sabuni kuwa mradi wangu wa kumalizia shahada. Alikataa. Alikuwa na mradi wake wa magome ya mti wa dawa, na aliyeushika alikuwa na nafasi nzuri ya kwenda kusoma ng'ambo.

"Kupima sabuni si kemia ya juu, Imelda."

"Mwalimu, kuna mtu anahesabu magunia kwa sababu yangu."

Akafikicha chaki. "Basi utanieleza kwa nini manjano hubadilika rangi. Elektroni kwa elektroni. Ukishindwa hupiti, na mimi sitakuhurumia."

Nilikubali. Magome alipewa mwenzangu, na ng'ambo alikwenda yeye.

Kwa miezi mitatu kila Jumamosi nilikuwa Gerezani. Nililoweka manjano ya Bi. Kanta kwenye spiriti, nikachuja, nikapata dawa ya njano safi. Safari hii nilianza na sabuni nzuri: ndani ya spiriti moto ilibaki njano. Nikatia chembe ya kostiki makusudi, ikageuka nyekundu. Hapo ndipo nilipogusa rafu, vipande vya wakati wa Mzee. Njano. Njano. Njano. Nilikuwa nikicheka peke yangu kama mwehu. Ulimi wa Mzee ulikuwa sahihi kuliko ripoti ya msomi.

Halafu zikaja nyekundu. Si moja, ni kadhaa, zimefuatana rafuni, kisha njano tena. Nikaenda kwenye rafu ya mwaka wa nyuma yake. Huko nako kulikuwa na kundi la nyekundu, limefuatana vile vile, ila tarehe zake zilichelewa kidogo kuliko za mwaka uliofuata. Mama Zaituni alikuwa amesema kweli: inatulia, inarudi. Nilitazama vitabu vya mafuta, mawese yalikuwa yale yale. Nilitazama kostiki, ilikuwa ya aina ile ile. Nikanakili zile tarehe, nikaenda ghalani.

Mzee Mkwanda alinikaribisha juu ya gunia. Nilimwambia kwanza lililonileta: kwamba nilikosea, kwamba kipimo changu kilikuwa cha uongo. Alitikisa kichwa tu, kama mtu anayeambiwa mvua imenyesha. Kisha nikampa ile karatasi ya tarehe, nikamwomba anisaidie kufikiri. Aliisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Mwanangu," alisema, "hii ni Ramadhani."

Sikuelewa. Mimi Mkristo, mfungo nilikuwa nauona kwa majirani jioni, wakati wa futari, na kiwandani niliingia baada ya Idi nikaondoka kabla ya mfungo uliofuata, sikuwahi kumwona akipika mwezi ule.

"Mwezi ule siweki kitu mdomoni. Wenye elimu ya dini walikwishaniambia, kuonja na kutema si kufungua. Lakini moyo wangu ulikataa. Nikawa napika kwa macho. Naangalia inavyodondoka kwenye mwiko, naisugua kwa vidole. Nikadhani inatosha, miaka yote hii ninaijua sabuni." Alikunja ile karatasi, akaikunjua. "Mwezi wenyewe unahama, kila mwaka unatangulia. Ndiyo maana pale ofisini hawakuona. Leo wanalaumu mvua, kesho wanalaumu mawese."

Nje mikokoteni ilikuwa inapita, watu wanapigiana kelele za kupisha njia. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau.

"Nilimwogopa Mungu nikawasahau kina mama wanaofua. Na wao ni wa Mungu."

Nilimwambia haina haja ya kuliandika hilo. Ripoti ingeweza kusema sabuni nyingi ni nzuri, chache zina kasoro, kipimo kipya kimepatikana, basi. Angerudi kwenye sufuria kwa heshima zote. Nilihofia pia watu watakaoligeuza kuwa neno la dini, mahali ambapo Waislamu na Wakristo tulikula chakula kwenye sinia moja. Mzee aliniangalia kwa hasira, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Andika. Ukiandika nusu, utakuwa umenifukuza mara ya pili. Ya kwanza ulinifukuza kwa uongo, ya pili utanificha ndani yake."

Nilipompelekea Meneja ripoti mpya alitaka kuifungia kwenye kabati. "Yamekwisha hayo, Ndugu Imelda. Tutamrudisha kimya kimya. Kwa nini ujiaibishe? Bado tunakusomesha." Lile neno la mwisho nililisikia vizuri. Lakini ya kwanza ilisomwa mbele ya watu, na mimi nilitaka ya pili isomwe hapo hapo. Niliomba nafasi kwenye Baraza. Meneja alinipa kwa shingo upande.

Nilisimama. Nikasema: mimi, Imelda, nilipima vibaya. Nikaonyesha vikombe viwili. Cha kwanza sabuni nzuri ndani ya maji, nikatia manjano, ikawa nyekundu, watu wakaguna. Cha pili sabuni ile ile ndani ya spiriti, ikabaki njano. Nikasema Fundi Mkuu alipika sawasawa miezi kumi na moja ya mwaka. Kabla sijaendelea, Mzee mwenyewe akasimama akausema ule wa kumi na mbili kwa kinywa chake, bila kupunguza. Mpakiaji mmoja, Mkristo mwenzangu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee si ungesema tu, sisi tungekuonjea!"

"Nyinyi?" Mzee akamjibu. "Nyinyi mnaonja gongo tu!"

Kicheko kilichopigwa pale kilimaliza maneno ambayo nilikuwa nayahofia. Akarudishwa kwenye sufuria, na kila mpiko ukaanza kupimwa kwa tone la manjano.

Mhadhiri wangu alinitesa kwenye mtihani wa mdomo kwa saa nzima kuhusu elektroni za manjano. Nilipita. Nikarudi Gerezani, sijaolewa wala nini, nikiwa Mkemia wa Kiwanda.

Ramadhani ya kwanza baada ya hapo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Siku ya tatu ya mfungo kulikuwa hakuna sabuni mjini. Lori lilikuwa linasubiri uani, na simu zilikuwa zinapigwa kutoka wilayani. Mzee Mkwanda, midomo imemkauka, alichota sabuni, akaiyeyusha kwenye spiriti, akadondosha tone lake. Ikawa nyekundu. Meneja alikuja mwenyewe hadi chini ya ngazi.

"Fundi Mkuu, nyekundu kidogo tu hiyo. Watu wamepanga foleni tangu alfajiri."

"Ndiyo, nawajua," alisema Mzee, akamgeukia kibarua wake. "Ongeza mafuta. Chemsha tena."

Meneja akanigeukia mimi, mkemia wake. Nikasema, "Ongezeni mafuta." Lori liliondoka alasiri. Mwezi ule Mama Zaituni hakuja ofisini. Nilimkuta sokoni baada ya Idi, anachagua nyanya, nikamwomba anionyeshe viganja. Alishangaa, akanionyesha. Vilikuwa vigumu, vya mtu anayefanya kazi, na vizima.

Baadaye nilihamishwa. Nilikuwa Mkemia kwenye kiwanda cha kukamulia mafuta, kisha Mpimaji Mwandamizi kwenye maabara ya viwango, kisha Mkuu wa Maabara hadi nilipostaafu. Nilipitia mikononi mwa wakurugenzi wengi, wengine waungwana, wengine Mungu awasamehe. Nilipata mashine zinazopima na kuchapa majibu zenyewe. Vijana walipokuja kwangu na majibu yaliyochapwa vizuri, niliwauliza swali la Mhadhiri: ulianza na sabuni gani nzuri? Wengi walidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa, maana walikuwa wamepima maji au dawa ya mbu. Baadaye walielewa. Nchi yetu ilikuwa haina kitu miaka ile, lakini tulisoma tukiamini kwamba tunachokisoma kitawafikia watu wanaofua, na hilo bado naliamini.

Mzee Mkwanda alifariki Lindi, kwao, baada ya kustaafu akiwa Fundi Mkuu. Nilichelewa mazishi, nikafika siku ya arobaini. Binti yake wa kwanza alinipokea, na nilipomtajia jina langu akaniangalia sana.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Baba alikuwa akikutaja."

Nilijiandaa kusikia lolote. Nikamwambia asinifiche.

"Alikuwa akisema, walionifukuza kazini maishani mwangu ni wengi, tangu enzi za Waingereza. Aliyerudi kusema amekosea ni binti mmoja tu wa Songea."